MFUGAJI NA KAZI YA PILI: Habari za Kale za Nchi Kame za Kenya



Katika kijitabu hiki cha mwaka, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya halmashauri, hufuata mlango mmoja wa habari za kale, ili walio vijana wapate kujua walikotoka, na walio wazee wapate kutusahihisha. Mwaka huu tumechagua jambo linalosemwa sana kila watu wetu wakutanapo, nalo ni hili: je, mfugaji anayeshika kazi nyingine pamoja na mifugo yake aiacha desturi ya baba zake, au aifuata?

Wako wasemao kwamba mfugaji wa kweli ni yule asiyejua jembe, wala duka, wala ndoana ya samaki. Hao hutukumbusha methali isemayo, Mshika mbili moja humponyoka. Wako na wengine, hasa miongoni mwa waliosoma, wasemao kwamba ufugaji umekwisha wakati wake, na kwamba dawa ni kuuza wanyama wote na kutafuta riziki mjini. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zimeisahau historia. Watu wa nchi kame za Kenya hawakuishi kwa mifugo peke yake wakati wo wote tuujuao. Na wengi walioshika kazi ya pili waliishika ili kundi lisiishe, au ili liweze kurudi likiwa limekwisha. Lakini historia hiyo hiyo yatuonya kwamba si kila kazi ya pili ni njema. Iko kazi ilindayo kundi, na iko kazi iharibuyo malisho ambayo kundi hutegemea. Kuzipambanua hizo mbili ndiyo shabaha ya maneno haya.

MWENYE MIFUGO HAKUWA PEKE YAKE

Mfugaji wa zamani alikula maziwa, nyama na damu. Lakini sote twajua kwamba jua likikaza maziwa hukauka, na kundi lisilokamuliwa haliwezi kulisha nyumba ila kwa kuchinjwa. Hapo ndipo nafaka ya jirani ilipokuwa uhai. Mbuzi akichinjwa huliwa siku mbili. Akipelekwa kwa mkulima na kubadilishwa kwa mtama, mtama ule hulisha watoto siku nyingi zaidi. Hesabu hiyo bibi zetu waliijua kabla ya shule yo yote kujengwa katika nchi hii.

Kwa hiyo wanawake wa Kimasai walikwenda Ukikuyu na ngozi na mifugo, wakarudi na nafaka, vibuyu na tumbaku. Hata wakati vijana wa pande mbili walipokuwa wakipigana, wanawake wafanya biashara waliachwa wapite, kwa maana kila upande ulijua kwamba ukiwazuia hao umejinyima chakula mwenyewe. Kando ya mito ya Turkwel na Kerio wanawake wa Kiturkana walipanda mtama mahali palipofurika maji, na kando ya ziwa walikuwako watu waliovua samaki. Wagabra walichukua chumvi ya jangwa la Chalbi. Wapokot wa nyikani walikuwa na ndugu zao wa milimani waliolima, wakapeana wanyama na nafaka.

Basi, kazi ya pili ilikuwako ndani ya desturi yenyewe. Ila haikuitwa kazi ya pili: iliitwa ujirani, au iliitwa kazi ya wanawake, na kwa sababu hiyo waandishi wengi waliipita bila kuitazama.

MIFEREJI YA IL CHAMUS

Katika habari zote za namna hii hatujui iliyo na mafunzo mengi kuliko ile ya Il Chamus, wakaao kusini ya Ziwa Baringo, ambao wasafiri wa zamani waliwaita Njemps. Lugha yao ni Kimaa, ndugu ya lugha ya Wamasai na Wasamburu. Katika karne ya 19 walikaa katika vijiji viwili vikubwa vilivyozungushiwa boma la miiba, nao walikuwa wakulima. Waliweka kizuizi cha matawi mtoni ili kuyainua maji, wakayaongoza kwa mifereji mpaka mashambani, wakavuna mtama na wimbi katika nchi ambayo mvua peke yake isingeyatosha mazao hayo. Wala maji hayakugawanywa kila mtu apendavyo. Baraza la wazee ndilo lililosimamia zamu za maji, na vijana ndio walioitwa kukitengeneza kizuizi kila kilipobomolewa na mto. Pamoja na hayo walifuga mifugo kidogo, na wengine walivua samaki ziwani kwa vyombo vidogo vilivyofungwa kwa miti myepesi imeayo majini.

Misafara ya wafanya biashara wa pwani, waliokwenda bara kutafuta pembe za ndovu, ilikuwa ikitua hapo kupumzika na kununua chakula kabla ya kuendelea mbele. Msafiri Joseph Thomson alifika mwaka 1883. Count Teleki na mwenziwe Ludwig von Höhnel walifika mwishoni mwa 1887, wakakuta chakula ni haba, ikawabidi kutuma watu mpaka Ukikuyu kukitafuta. Kwa hiyo tusidhani kwamba mifereji ile ilikuwa hazina isiyokwisha. Ulikuwapo wakati ambapo hata mwenye shamba la maji hakuwa na cha kuuza.

Lakini liko jambo kubwa kuliko biashara. Mfugaji aliyepokonywa ng'ombe wake vitani, au aliyefiwa nao kwa maradhi, alipokewa na Il Chamus, akalima, akala, akaishi. Wengine walikaa kabisa, wakawa watu wa hapo. Wengine walipata mifugo tena, wakarudi nyikani. Shamba halikuwa kaburi la ufugaji. Lilikuwa mlango ufungukao pande mbili, na mtu aliyeingia kwa unyonge aliweza kutoka na heshima yake.

Mlango huo ulihitajiwa mno mwishoni mwa karne ile. Katika miaka ya 1880 homa ya mapafu iliua ng'ombe wengi wa Wamasai. Kisha, kama mwaka 1891, ikafika sotoka, maradhi yaliyoingia Afrika kwa pande za Eritrea na Uhabeshi. Na ndui ikafuata kwa watu wenyewe. Wamasai huuita wakati huo Emutai, yaani wakati wa kuangamia. Waliobaki walikimbilia kwa wakulima: wengine Ukikuyu, wengine kwa Waarusha katika Tanganyika ya baadaye, wengine Baringo. Wale wasemao kwamba jembe ni aibu kwa mfugaji yafaa wayakumbuke hayo. Koo nyingi zilizo na ng'ombe leo ziliokolewa na shamba la jirani. Sotoka yenyewe ilitangazwa mwaka 2011 kwamba imetoweka duniani. Njaa ya ukame haijatoweka.

Tena Il Chamus hawakubaki kama walivyokuwa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya misafara ilikufa, na soko la nafaka likafa pamoja nayo. Wakati huo walikuwa wamekwisha kuanza kukusanya ng'ombe, nao wakazidi kuingia katika ufugaji. Kabla ya mwaka 1920 mafuriko yaliharibu mifereji, na kwa kuwa watu wengi walikuwa sasa na mifugo ya kuangalia, mifereji ile ya kale haikurudia hali yake ya kwanza. Hivi ndivyo watu ambao babu zao walikuwa wakulima walivyokuwa wafugaji. Fikira ya kwamba binadamu hutoka katika ufugaji kwenda katika kilimo, wala hawezi kurudi, yakanushwa na habari hii moja.

Maji yalirudi mashambani baadaye, lakini kwa mkono mwingine. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilianzisha mashamba ya mto Perkerra karibu na Marigat, na kazi ya kuchimba mifereji ikafanywa na watu waliowekwa kizuizini. Baada ya uhuru mashamba hayo yakawekwa chini ya Halmashauri ya Taifa ya Umwagiliaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966. Kwa sheria ile mkulima alikuwa mpangaji mwenye leseni, na meneja ndiye aliyeamua mambo mengi ya shamba. Tazameni tofauti. Mto ni ule ule, na ardhi ni ile ile. Lakini zamani zamu ya maji ilitoka katika baraza la wazee, na sasa ilitoka ofisini. Hatusemi kwamba mashamba ya Perkerra hayakufaa kitu. Yamelisha nyumba nyingi, nayo yalimwa hata leo. Twasema tu kwamba mtu aliyepewa kazi ya pili si sawa na mtu aliye mwenye kazi hiyo.

NJIA ZILIZOFUNGWA

Tumekaa sana Baringo. Sasa tuitazame nchi kame kwa jumla, ili tujue kwa nini desturi hii ya kale ilidhoofika. Zamani mfugaji aliyeshikwa na ukame alikuwa na njia tatu: kuhamia malisho mengine, kubadilishana mali na jirani, au kukimbilia kwake kabisa. Utawala wa kikoloni ulizibana zote tatu.

Kuhama kulizuiwa kwa mipaka. Kwa mapatano ya 1904 Wamasai waliondolewa katika Bonde la Ufa penye malisho na maji mema, na kwa mapatano ya 1911 wakaondolewa Laikipia vile vile. Walipopeleka shauri lao mahakamani mwaka 1913, walishindwa. Kaskazini, Sheria ya Wilaya za Pembeni ya mwaka 1902 ilifanya nchi ile kuwa kama nyumba iliyofungwa, mtu wa nje asiingie bila ruhusa; na sheria nyingine ya 1934 ikaongeza nguvu za serikali juu ya mahali pa watu kukaa na kulisha.

Biashara nayo ilibanwa kwa karantini. Palipotajwa maradhi, mifugo ya Waafrika ilikatazwa kupita, ili isichanganyike na ng'ombe wa masetla. Hatukani kwamba maradhi yalikuwako; lakini karantini iliyokaa miaka na miaka ilimfanya mfugaji awe na mali isiyouzika, kisha akalaumiwa kwamba hapendi kuuza. Kiwanda cha serikali cha nyama kilianzishwa mwaka 1950, na idara ya kuuza mifugo ya Waafrika ikafuata mwaka 1952. Ndipo minada ya kaskazini ilipopata njia iliyo bora kidogo ya kuwafikisha wanyama sokoni. Wakati huo nusu ya karne ilikuwa imekwisha kupita.

Matokeo ya hayo yote ni kwamba, uhuru ulipofika mwaka 1963, wilaya nyingi za ufugaji zilikuwa na shule chache, barabara chache, na kazi chache nje ya zizi. Vijana waliotaka mshahara waliupata hasa katika polisi, katika jeshi, au katika kuchunga ng'ombe wa mtu mwingine. Basi mtu asiseme kwamba wafugaji walikataa kazi nyingine kwa ushupavu wa moyo. Mara nyingi kazi hizo hazikufika kwao, na zile walizokuwa nazo zilikatwa njia.

MASHAMBA YA EWASO NYIRO NA SAMAKI WA TURKANA

Baada ya uhuru yalitokea mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa pamoja ili yapimwe.

La kwanza ni la Waborana wa Waso, kandokando ya mto Ewaso Nyiro katika Isiolo. Vita vya Shifta vya 1963 hadi 1967 viliwaacha maskini sana. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, wanyama wakapotea kwa risasi, kwa kunyang'anywa na kwa kukosa malisho, na waliokuwa na ngamia na ng'ombe tele wakawa watu wa kungoja posho. Kwa ajili ya hao yalianzishwa mashamba ya maji mahali kama Malka Daka, Merti na Garba Tula. Waliokuja kuyapima mashamba hayo waliyaona ni ya gharama kubwa na mavuno si makubwa. Lakini wenyeji walikuwa na kipimo chao. Nyumba iliyofanikiwa ilichukua faida ya shamba ikanunua mbuzi, mbuzi wakaongezeka, na baadaye jamaa wengine wakahama na wanyama, hali wengine wakibaki na shamba. Mwenye mradi aliona kwamba mkulima amemtoroka. Mwenye nyumba aliona kwamba shamba limefanya kazi yake.

La pili ni la Turkana. Ukame mkali wa 1960 na 1961 uliwaleta watu wengi kwenye kambi za njaa, na wengine wakafundishwa kuvua samaki katika hori ya Ferguson, karibu na Kalokol. Uvuvi ukakua, chama cha ushirika kikaanzishwa, na samaki waliokaushwa wakauzwa mbali. Kisha serikali ya Norway ikasaidia kwa fedha nyingi, ikajengwa barabara, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikasimama Kalokol nyumba kubwa ya kugandishia samaki kwa barafu. Nyumba hiyo ilifanya kazi muda mfupi tu. Gharama ya kugandisha katika nchi ya joto kama ile ilizidi faida ya samaki. Zaidi ya hayo, katikati ya miaka ya 1980 maji ya ziwa yalishuka, na hori iliyokuwa na samaki wengi ikakauka. Mwaka 1990 Kenya ikavunja ubalozi wake na Norway, na msaada ukakoma.

Tusiwacheke waliojenga, wala tusiseme kwamba Mturkana si mtu wa samaki. Uvuvi waendelea katika ziwa lile hata leo, na ni riziki ya watu wengi. Fundisho ni jingine. Wavuvi waliokuwa na mbuzi wachache kwa ndugu zao walipata pa kurudi ziwa liliposhuka. Waliokuwa wameacha kila kitu, wakakaa Kalokol bila mnyama hata mmoja, walirudi mikononi mwa posho. Ziwa lina ukame wake, kama nyika ilivyo na ukame wake. Aliyehama kutoka tegemeo moja kwenda tegemeo moja jingine hakupanua riziki. Alibadilisha tu jina la hatari yake.

MAZIWA YA NGAMIA NA MAKAA YA MATHENGE

Kutoka hapo twaja katika siku zetu wenyewe. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilionyesha kwamba Kenya ina ngamia karibu milioni 3. Katika Isiolo wanawake wamefanya jambo ambalo zamani baadhi ya wazee wangeliona aibu, yaani kuuza maziwa ya ngamia. Maziwa hukamuliwa nyikani, huletwa mjini kwa pikipiki na magari, hukusanywa na kupozwa, kisha hupakiwa katika mabasi ya Nairobi, na wanunuzi wengi wako Eastleigh. Kazi hii ni ya pili, lakini yasimama juu ya ile ya kwanza. Malisho yakiharibika maziwa hayapo. Kwa hiyo muuzaji wa maziwa mjini ana sababu ya kuyalinda malisho sawa na mchungaji. Wanawake hao wanaifuata njia ile ile ya wale waliopita kati ya Wamasai na Wakikuyu na ngozi mgongoni. Gari tu ndilo jipya.

Vile vile ziko kazi za kukusanya ubani, manemane na gundi ya miti katika Marsabit, Wajir na Turkana, na kazi ya mizinga ya nyuki katika Baringo. Mti uliochumwa gundi kwa uangalifu huzaa tena, na nyuki hawali majani ya mbuzi.

Kinyume chake ni makaa ya miti ya asili. Mgunga ambao ngamia na mbuzi hula majani na matunda yake kwa miaka mingi, ukikatwa huuzwa kwa gunia mara moja. Mwenye kuukata mara nyingi ni mtu aliyekwisha kufiwa na wanyama, naye hana jingine. Hatumlaumu mwenye njaa. Lakini kila gunia lampunguzia jirani malisho, na kesho jirani naye atatafuta panga.

Baringo nako kuna mfano wa ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa huko mti wa kigeni, ambao watu huuita mathenge, ili kuleta kuni na kuzuia jangwa. Mti ukaenea mwenyewe, ukafunga malisho na njia za maji, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Il Chamus walipeleka malalamiko yao mahakamani, na mbuzi aliyepoteza meno akapelekwa kuwa ushahidi. Hivi leo watu huuchoma mti huo makaa na kupata fedha. Katika jambo hili moja makaa yaweza kuwa msaada, kwa maana yapunguza adui. Lakini haifai kusahau kwamba riziki hii ilizaliwa na hasara, na kwamba wenyeji hawakuulizwa vema mti ulipoletwa.

KUIPIMA KAZI YA PILI

Kuanzia mwisho wa 2020 hata 2022 mvua zilikosekana misimu 5 mfululizo, na katika Kenya walikufa mifugo zaidi ya milioni 2. Nyumba nyingi za wanachama wetu zilisikia pigo hilo. Msimu mmoja ukikosekana mwenye kundi hustahimili. Mitano ikikosekana hata tajiri hushuka. Kwa hiyo swali si kama watu wetu watashika kazi nyingine. Wamekwisha kuzishika. Swali ni kazi gani, na kwa faida ya nani. Historia tuliyoisimulia yatupa maswali matatu ya kuulizia kazi yo yote.

La kwanza: je, kazi hii yaliachia kundi malisho yake na wachungaji wake? Shamba la bustani kando ya mto ni jambo jema. Lakini mashamba yakizungushiwa seng'enge ukingo mzima, mifugo ya watu wengi haina pa kunywa wakati wa kiangazi, na faida ya nyumba 10 yaweza kuwa kifo cha makundi ya nyumba 100. Hapa ndipo tunapowasihi wazee wetu wasilale. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 imetoa njia ya jamii kuandikisha ardhi yake. Kabla ya kuandikisha, na kabla ya kugawanya, njia za mifugo na mahali pa kunyweshea pawekwe akiba kwa watu wote, kama wazee wa Il Chamus walivyoshika zamu za maji.

La pili: ni nani ashikaye hatamu? Mifereji ya kale, mbuzi walionunuliwa kwa faida ya shamba, na maziwa ya Isiolo, vyote viliongozwa na wenyewe. Nyumba ya barafu ya Kalokol iliongozwa na watu wa mbali. Msaada haukataliwi, lakini mradi usioweza kusimama siku mfadhili akiondoka ni mzigo uliowekwa njiani.

La tatu: kazi hii ikianguka, iko njia ya kurudi? Ndiyo maana twaona ubaya wa shauri la kuuza wanyama wote, na ubaya ule ule wa kukataa kila kazi nyingine. Mwenye kundi kubwa afanya vema akiuza baadhi kabla ya kiangazi, akajenga chumba cha kupangisha au akalipa karo ya mtoto. Iko pia bima ya mifugo, iliyoanza Marsabit mwaka 2010, ambayo hupima hali ya majani kwa vyombo vilivyo juu angani na kulipa yanapokauka mno. Nayo ni akiba ya namna mpya.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo halitawapendeza wote. Kazi ya pili ya tajiri na kazi ya pili ya maskini si kitu kimoja. Tajiri hufungua duka kwa kuwa ana wanyama wa kuuza. Maskini huuza kuni kwa kuwa hana hata mmoja. Zamani tajiri aliyezidiwa na wanyama aliwakopesha ndugu na rafiki, na hivyo mali yake ilipata ulinzi, naye aliyefiwa alipata maziwa na mwanzo mpya. Siku hizi ziada ya tajiri huenda mjini, ikawa matofali na lori. Si haramu. Lakini ikiwa mali yote huondoka nyikani bila hata mbuzi mmoja kukopeshwa jirani, basi yule aliyeanguka hana mtu wa kumwinua, nasi tutaendelea kuhesabu magunia ya makaa barabarani.

Na sisi wenyewe tulio katika mishahara, tukumbuke kwamba sisi ndio kazi ya pili ya nyumba zetu. Fedha tunazopeleka nyumbani zaweza kununua seng'enge ya kujifungia ukingo wa mto, nazo zaweza kununua mitamba wa kumrudisha mjane katika ufugaji, au chombo cha kupozea maziwa ya wanawake wa kijiji. Twaiomba halmashauri na wazee kwamba kila ombi la msaada litakaloletwa mbele ya chama lipimwe kwa maswali hayo matatu, na mjane asiye na mnyama asikilizwe kabla ya mwenye lori.

Kuhusu methali tuliyoanza nayo, hatuikatai. Mshika mbili moja humponyoka, ikiwa zote mbili hazijuani. Lakini wazee wetu walishika mbili kwa karne nyingi, zizi na mtama, nyika na ziwa, kwa sababu kila moja ililishika mwenziwe. Hiyo ndiyo desturi tuliyoachiwa, na hiyo ndiyo inayotupasa kuitunza.